Fundi Mmoja, Mistari Miwili

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, habari za mchana. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango, nimewaona, msitoroke kabla sijamaliza.

Kabla sijaanza niseme ukweli. Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nije kuzungumza mbele ya umoja wenu wa mafundi, sikujiuliza nitasema nini. Nilijiuliza, huyu anataka nini kwangu? Nikamuuliza nani mwingine ataongea. Akasema ni mimi peke yangu. Nikashuku zaidi. Nikamuuliza kama kutakuwa na chakula, akasema tutachinja kuku, dada yangu, njoo tu. Nikajiambia, kuku wa Singida hachinjwi bure.

Chekeni tu. Ndivyo nilivyo, na ndiyo habari yenyewe niliyokuja kuwaeleza. Ugonjwa wangu ni kushuku watu, na ugonjwa huo ulimvunjia heshima mtu mzima asiye na kosa.

Mwenyekiti amenipa sharti moja, kwamba ushuhuda hapa hautaji majina ya watu. Nimelikubali. Ila mjue kwamba kutotajwa kwa jina ndiko kulikoniingiza shimoni, kwa hiyo sharti hili ninalitazama kwa jicho la pembeni.

Mimi nimezaliwa upande wa Ikungi. Mama yangu alifuga kuku, na kila kuku alifungwa uzi mwekundu mguuni ili asichanganyike na wa jirani. Kila jioni mama aliwahesabu wakiingia bandani. Wakipungua, jirani ameiba. Siku moja walizidi, akaja kuku mmoja asiye na uzi. Mnadhani mama alifurahi? Alikaa kizingitini akiwaza, huyu ametumwa na nani? Nimekulia kwenye mikono hiyo. Nilinyonya maziwa na mashaka pamoja.

Nikasoma, nikapata kazi kwa mkandarasi mmoja hapa Singida Mjini. Kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi kwa kompyuta. Kwa wale wasioijua, nieleze kidogo. Kuna programu. Unaandika kazi zote upande mmoja: kuchimba msingi, kupandisha kuta, kufunga lenta, kupaua. Kwenye ukurasa mwingine unaandika watu, kila mtu na mstari wake. Kisha unamkabidhi kila mtu kazi zake, na kompyuta inahesabu siku. Mtu akibebeshwa kazi kuliko siku alizonazo, mstari wake unageuka mwekundu. Basi. Mimi niliipenda programu ile kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa inashuku watu kama mimi. Niliona nimepata ndugu.

Mwaka huo tulikuwa na saiti mbili. Moja upande wa Mgori, wodi ya akina mama kujifungulia. Nyingine upande wa Kinampanda, kule Iramba, vyumba vya madarasa. Zote zilitakiwa ziwe na paa kabla ya mvua za kwanza. Mnajua wenyewe, tofali la kwetu likinyeshewa kabla ya paa ni aibu ya mkandarasi kwa kijiji kizima.

Kila saiti ilikuwa na msimamizi wake. Nikawaambia kila mmoja aniletee orodha ya watu wake na kazi wanazoziweza. Wakaleta. Nikakaa ofisini kwenye kiti kinachozunguka, nikaingiza orodha zote mbili, mstari kwa mstari. Sikufika saiti hata moja. Ndugu zangu, nawaambia, kosa langu la kwanza lilianzia kwenye kile kiti. Niliwapangia watu maisha yao, na sikuwa nimeona sura ya hata mmoja wao.

Nikawapangia wote kazi Jumatatu hadi Jumamosi, tangu asubuhi hadi jioni, bila kuuliza lolote. Siku ya mnada ikafika kule Mgori. Vibarua hawakutokea hata mmoja. Ninyi mnacheka kwa sababu mnajua, siku ya mnada hata mbwa wa kijiji hayupo nyumbani. Mimi nilisema huu ni mgomo. Nikaandika kwenye daftari langu: wamepanga. Ijumaa mchana mafundi Waislamu wakaenda kuswali, nikaandika tena: wamepanga.

Halafu kukaja suala la zege. Hili najua litanifanya nichekwe hadi jioni, lakini ushuhuda ni ushuhuda. Kwenye ratiba, zege la jamvi, lile la sakafu, nililipangia siku saba za kumwagiliwa maji mpaka likomae, na nikamkabidhi kibarua mmoja kazi hiyo. Tulipoanza kuchelewa nikawaza, nikimwongezea wenzake sita itakuwaje? Nikawaongeza. Kompyuta ikanitii bila swali, siku saba zikawa siku moja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nikatuma ratiba mpya. Msimamizi wa Mgori akanipigia simu.

"Dada, hili zege unataka tulipepee?"

"Fuata ratiba," nikamwambia.

"Nitafuata, lakini zege lenyewe halijui kusoma."

Nikakata simu. Nikawaza, huyu ananidharau kwa sababu mimi ni mwanamke. Au kuna jambo analificha kwenye zege. Sikuwaza hata mara moja kwamba zege huiva kwa muda wake, na ukiliwekea watu saba litawatazama tu. Namshukuru Mungu kwamba yule msimamizi ni mkaidi. Alilisubiri siku zake zote saba na kuniandikia kwamba limekwisha.

Sasa nifike kwa mzee mwenyewe.

Pale Mgori kulikuwa na fundi mmoja wa makamo, mwashi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango. Kupanga mbao, kufunga nondo, kumwaga, na ukifungua mbao unakuta mstari umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Mafundi wa lenta wa namna hiyo hawako wengi, mnajua. Alikuwa mgeni pale, kwao ni Iramba, kwa hiyo msimamizi wa Mgori alimwandika kama kitambulisho chake kilivyosema, jina lake na la baba yake.

Nikaanza kuona kwenye mahudhurio kwamba mzee huyu Jumatatu yupo, Jumanne yupo, Jumatano yupo, Alhamisi hayupo. Ijumaa hayupo, Jumamosi hayupo. Jumatatu inayofuata yupo tena, na lenta iko nusu. Nikafungua kompyuta, nikautazama mstari wake. Kazi moja, saiti moja, wiki nzima. Hakuna wekundu wowote. Nikasema basi, ratiba haina kosa. Mwenye kosa ni mtu.

Nikampigia mama lishe wa pale saiti, nikijifanya namuulizia habari za chakula. Nikachomekea, vipi yule fundi wa lenta, anakula vizuri? Akasema, "Yule mzee anakula vizuri siku akiwepo. Tena akirudi Jumatatu anakuja amechoka, suruali ina saruji mpaka magotini."

Saruji! Ndugu zangu, moyo ulinidunda kwa furaha mbaya. Kama hayupo kwangu tangu Alhamisi, hiyo saruji ya magotini ameipata wapi? Nikapata jibu papo hapo, na nililipata nikiwa nimeketi. Anajenga nyumba za watu pembeni. Kwa muda wetu, na pengine kwa saruji yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.

Ili nisionekane nimekurupuka, nikampigia msimamizi wa Kinampanda. Kwa kuwa fundi kwao ni huko, nikadhani huenda anamjua. Nikamtajia majina yote mawili, nikamuuliza, "Mtu huyu yuko kwako?"

Upande wa pili nilisikia nyundo tu ikigonga. Kisha akasema, taratibu sana, "Dada, kwenye orodha yangu jina hilo halipo."

Nikafungua orodha yake. Kweli, halikuwepo. Kulikuwa na mtu mwingine kabisa wa lenta, ameandikwa Mzee wa Lenta. Nikamshukuru msimamizi. Nikasema, huyu angalau ni mkweli.

Alhamisi moja nikachukua bodaboda asubuhi mapema hadi Mgori, bila kumwambia mtu. Mama lishe akanionyesha mzee kando ya barabara, mfuko wa zana begani, pima maji imechomoza, anasubiri gari. Nilijihisi askari aliyekamata mwizi na mbuzi wake.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hata katika hasira, shikamoo ilitoka.

"Marahaba, binti wa ofisini."

"Safari ya wapi?"

"Kazini."

"Kazini si hapa?"

Akanitazama kidogo. Akasema, "Hapa ni kazini, na kule ni kazini. Ninyi wenyewe mnajua zaidi."

Gari likaja, akapanda. Niliyasikia maneno yale kama kejeli. Leo nikiyakumbuka, mzee alinijibu kweli tupu, tena kwa upole. Lakini mtu mwenye mashaka ukimpa maji atauliza ulichota kisima gani.

Jumatatu iliyofuata nikaitisha mkutano pale saiti. Walikuwepo mafundi wote, vibarua, mama lishe na mwenzake, na kamati ya ujenzi ya kijiji, wazee wenye mvi zao. Nikasimama na daftari langu. Nikamtaja. Jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, mara mbili ili wote wasikie. Nikasoma siku zote ambazo hakuwepo. Nikasema mtu huyu anatuibia siku, na wodi ya mama zenu inachelewa kwa sababu yake. Bosi nilikuwa nimemwambia asubuhi kwenye simu. Aliniambia, "Kama una ushahidi, mwondoe." Nikamwondoa.

Mzee hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mwiko una udongo, akaufuta kwa kiganja, upande huu na upande huu, akautia mfukoni. Akavua kofia.

"Binti," akasema, "kibarua ni chako, unaweza kunipa na unaweza kuninyima. Jina langu si lako. Umelitoa mbele ya watu, utalirudisha mbele ya watu."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Hakuna aliyenitazama. Nami nikawaza, hawanitazami kwa sababu wanashirikiana naye.

Sasa sikilizeni.

Kesho yake kazi ya lenta Mgori ilisimama. Hilo nililitegemea. Alhamisi simu ikalia, ni msimamizi wa Kinampanda. "Dada, Mzee wa Lenta hajaja leo. Kazi imesimama."

Nikasema yule wa Mgori ndiye niliyemwondoa. Huyu wa Kinampanda anagoma kwa nini? Nikamwambia msimamizi, "Mnafanya njama. Mnataka kunikomesha." Akajaribu kusema neno, nikamkata. Watu wawili, saiti mbili, mbali kiasi kile, wanaacha kazi wiki moja! Mimi niliona chama kizima cha mafundi wa lenta kimenigeuka. Niliwashuku hata ninyi mlio hapa leo, na wakati huo nilikuwa siwajui.

Ijumaa nikapanda basi hadi Kiomboi, nikachukua bodaboda hadi saiti. Nikamwambia msimamizi, "Nipeleke kwa huyo Mzee wa Lenta, sasa hivi." Akaanza kujiumauma. Mara mzee anaumwa, mara njia mbaya. Nikasema twende. Akanipeleka hadi kwenye mji wa familia moja wenye zizi la mbuzi, akasimama nje, hakutaka kutangulia mbele yangu.

Mzee alikuwa anasomba samadi kwenye toroli kupeleka shambani. Akageuka.

Alikuwa ni yeye. Mzee wangu wa Mgori. Yule yule, kofia ile ile.

Nikamgeukia msimamizi, nikamuuliza, "Kwa nini uliniambia jina lake halipo kwako?" Yule baba, mtu mzima mwenye watoto watatu, akainamisha kichwa akachora chini kwa kiatu.

"Dada," akasema, "huyu ni baba mkwe wangu. Nimeoa hapa. Mimi mkwe wangu simtaji jina. Siwezi kulitamka wala kuliandika. Ndiyo maana nikaandika Mzee wa Lenta, na saiti nzima wanamwita hivyo. Ulipolitaja jina lake kwenye simu, nilitafuta hata pa kuweka simu."

"Si ungesema tu kwamba yupo?"

"Niliogopa. Nilidhani unachunguza nani ameajiri ndugu zake. Hata siku asizokuja sikukuandikia, maana mkwe hashitakiwi. Ukaniuliza kwa jina, nikakujibu kwa jina."

Kumbe naye alinishuku. Jamani, tulikuwa wengi kwenye ugonjwa huu.

Mke wa mzee akatoka jikoni, akatuona tumesimama kama miti, akasema mgeni haulizwi habari akiwa amesimama. Akanipa kigoda na uji wa uwele. Nikamuuliza mzee, "Baba, kwa nini hukusema kwamba tumekupanga saiti mbili kwa wakati mmoja?"

Akakaa kwenye ukingo wa toroli. "Ilikuja karatasi ya Mgori, ina jina langu, wiki nzima. Ikaja ya huku, ina jina nililopewa huku, wiki ile ile. Zote zina muhuri wa ofisi yenu. Nikasema, hawa wananipima. Wanataka kuona kama nimezeeka. Nikilalamika watasema mzee amechoka, aachwe. Basi nikaigawa wiki. Siku tatu kule, siku tatu huku, Jumapili kanisani. Nimekimbia miezi miwili, binti. Mshika mawili moja humponyoka, mimi yakaniponyoka yote mawili."

Nikatoa kompyuta kwenye mfuko, nikaiweka magotini palepale kwenye kigoda. Nikafuta mstari wa Mzee wa Lenta, nikazihamishia kazi zake zote kwenye mstari wenye jina lake halisi. Kompyuta ikafikiri kidogo. Kisha mstari wote, wiki zote zile, ukawa mwekundu tangu juu hadi chini. Mtu mmoja, kazi za watu wawili.

Nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia hadi mke wa mzee akaninyang'anya kile kidude akidhani kimenichoma. Miezi miwili nilikuwa najiambia hakuna wekundu, basi mwenye kosa ni mtu. Kweli alikuwa mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimpa mwanadamu mmoja mistari miwili, na kompyuta ikaniamini. Haina ubaya wowote ile, haijui nani kaoa kwa nani.

Sasa niwape siri ambayo hata mwenyekiti sikumwambia. Kwenye basi la kurudi, machozi hayajakauka, nikaanza kuwaza kwamba hakuna mtu wa ofisini aliyeyaona haya. Naweza kumwambia bosi kwamba nimemsamehe mzee, nimemrudisha kwa huruma. Nani atajua? Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Lakini kila nikiyapanga namwona mzee anafuta ule mwiko, upande huu na upande huu. Jina lake ningelirudishaje kwa kumsamehe kosa ambalo hakulifanya? Ningekuwa nimelichafua mara ya pili.

Jumatatu nikamweleza bosi yote, na la zege pia. Hakunifukuza. Alininyang'anya kompyuta, akanipeleka saiti kuita mahudhurio kila asubuhi hadi mvua ziishe. Niliona ni adhabu, na adhabu ilikuwa, jua la kule si mchezo. Lakini ndipo nilipowajua watu. Nilijua nani analea wajukuu, nani anaenda mnadani na mbuzi wa nani, nani akishika mwiko kwa mkono wa kushoto ukuta unainama.

Nikarudi Mgori, nikawaita wale wale. Mafundi, vibarua, mama lishe wote wawili, na kamati ya kijiji. Nikamtaja mzee, majina yote mawili, nikasema hakuiba siku, mimi ndiye niliyempa wiki yenye siku kumi na mbili. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Umefanya vema, binti. Ila maneno ya kwanza yalishaondoka na gari." Mzee wa lenta akarudi kazini. Tukamwachia Kinampanda amalize kwanza, kisha Mgori. Madarasa yalipata paa kabla ya mvua. Wodi, mvua ya kwanza ilituwahi upande mmoja, tukapiga lipu ya upande ule upya. Siwezi kuwadanganya kwamba yote yaliisha vizuri.

Namshukuru yule mama aliyenipa uji badala ya kunifukuza na mbwa, maana nilistahili mbwa. Namshukuru msimamizi aliyekataa kulipepea zege. Namshukuru mkwe, kwa sababu alikubali kuniambia jambo la aibu mbele ya mkwewe mwenyewe. Siku hizi kila fundi wetu ana namba. Mkwe anaandika namba saba, heshima yake inabaki palepale, na kompyuta inajua ni nani.

Mniulize nimejifunza nini. Bado nashuku, sitawadanganya. Nimekuja hapa nikihesabu viti. Ila siku hizi mtu asipotokea kazini, wa kwanza kumshuku ni mimi mwenyewe. Naufungua mstari wake, nauliza nilimpa nini, nilimpa lini, nilimuuliza? Kisha naenda kumwona kwa macho. Ninyi mnaosimamia wenzenu, iwe kwa kompyuta au kwa daftari la kukunja, msimpangie mtu siku ambazo hamjamuuliza kama anazo.

Sasa nimalize na lililonileta hasa.

Yule mzee wa kamati alisema kweli. Maneno yangu ya kwanza yaliondoka na gari, yakafika hapa mjini kabla yangu. Yalifika hadi kwenye umoja huu. Nimeambiwa kuna waliomwita mzee huyu mwizi wa siku, na kuna kazi mbili za lenta alizonyimwa na watu waliomo humu ndani. Waliomnyima siwalaumu. Walimwamini mtu wa ofisini mwenye daftari. Hilo daftari lilikuwa langu, na lilisema uongo.

Mwenyekiti, hapa ndipo sharti lako linaponibana. Siku ya kumwaibisha nilimtaja majina yote mawili, tena mara mbili. Leo nimekuja kumsafisha, halafu nimwite fundi mmoja? Watu watatoka hapa wakisema mpanga ratiba kaomba msamaha kwa mtu fulani, na mtu fulani hatapata kazi kesho. Lakini nimekubali sharti, na silivunji. Nimeshavunja mengi.

Basi naishia...

Subirini. Naona kule mstari wa mwisho kuna mtu anavua kofia.

Keti, baba. Sikukuomba usimame, wala sikujua kama umekuja. Mwenyekiti, hili ni lako? Ndiyo sababu ya kuku?

Anasema ni yeye. Mmesikia? Mimi sikumtaja. Anajitaja mwenyewe, jina lake na la baba yake, na mkwewe pale pembeni ameziba masikio kama inavyompasa.

Rudia, baba, kwa sauti. Kule dirishani kuna watu hawajasikia.